Cheni, soksi za tairi au mchanga? Cha kununua kwa gari linalokwama kwenye theluji

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Naendesha Toyota Corolla yenye tairi za misimu yote, kazi yangu ni zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Juzi nimetoka kazini alfajiri, nikakuta greda limeshapita kwenye maegesho. Nikajaribu kutoka, gari haliendi mbele wala nyuma. Nilikanyaga mafuta mpaka nikasikia harufu ya mpira, nikaomba maji ya moto jikoni nikamwagia, ndiyo kwanza pakawa utelezi mtupu. Mwishowe mtu mmoja akanisukuma. Dukani nimeona cheni, soksi za tairi, vibao vya plastiki, na zile kamba za plastiki za kufunga kwenye tairi. Bajeti yangu ni kama dola 100. Ninunue kipi? Na shemeji yangu ananiambia niweke magunia ya mchanga kwenye buti. Ni kweli yanasaidia?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa alfajiri hiyo.

Nianze na la shemeji maana ndilo fupi. Magunia ya mchanga kwenye buti ni ushauri mzuri kwa mwenye pikapu, au gari lolote linalosukumwa na matairi ya nyuma wakati nyuma yake ni nyepesi. Corolla yako inavutwa na matairi ya mbele. Injini na gia boksi vimekaa juu ya matairi hayohayo, kwa hiyo takriban asilimia 60 ya uzito wa gari tayari iko pale inapohitajika. Ukijaza buti, nyuma inakaa, pua inanyanyuka kidogo, na matairi yanayofanya kazi yanapungukiwa uzito. Msalimie shemeji, mwambie mfuko mmoja wa mchanga utanunua kweli, ila hautakuwa wa kukaa tu kwenye buti.

Sasa swali lenyewe. Vile vitu vinne vimepangwa rafu moja dukani, na mtu akivitazama anadhani vinafanya kazi moja. Sivyo. Gari hukwama kwa namna tofauti, na kifaa cha kukunasua kwenye namna moja kinaweza kuwa mzigo tu kwenye nyingine. Kwa hiyo kabla hujatoa dola zako, nataka ujue kilichokukwamisha juzi.

Kwa maelezo yako, ilikuwa theluji ya greda. Greda likipita huacha tuta pembeni, na theluji ya tuta hilo siyo ile laini iliyodondoka usiku. Imesagwa, imechanganyika na mabonge ya barafu na chumvi, na ikikaa muda kidogo inashikana na kuwa ngumu. Tumbo la Corolla liko kama sentimita 13 tu kutoka ardhini. Ukiliparamia tuta, gari linalalia tumbo, uzito unahama kutoka kwenye matairi, na matairi yanabaki yakigusa chini kwa kubahatisha. Hapo hata ungefunga cheni usingetoka, kwa sababu tairi lisilo na uzito juu yake halishiki kitu, ulivishe chochote unachotaka. Hakuna ujanja hapo isipokuwa kuchimba. Unapiga magoti, unaingiza beleshi chini ya bampa, unakwangua theluji kutoka chini ya tumbo, mbele ya matairi na nyuma yake. Umemaliza pale ambapo ukiinama upande mmoja unaona mwanga wa upande wa pili. Kabla ya hapo usiguse hata ufunguo.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza kwenye orodha yangu hakimo kwenye orodha yako. Nunua beleshi. Siyo lile pana la kusukumia theluji mlangoni. Tafuta dogo, lenye bapa la chuma au aluminiamu na mpini unaorefuka na kufupika, likae kwenye buti bila kukusumbua. Bapa la plastiki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri (nyuzi zote hapa ni za Selsiasi) linapasuka ukiligonga kwenye barafu, na hapo ndipo utakapokuwa unalihitaji.

Nisimame kidogo hapa, maana jambo hili linaua watu. Gari likiwa limezama kwenye theluji, bomba la moshi la nyuma linaweza kuzibwa. Ukiwasha injini ili upate joto wakati bomba limezibwa, hewa ya kaboni monoksaidi inapenya ndani ya gari. Haina rangi wala harufu. Unapata usingizi tu. Kwa hiyo theluji ya kwanza kuondoa ni ile iliyo kwenye bomba la moshi, hata kama tatizo lako liko kwenye matairi ya mbele. Na kama umekwama njiani unasubiri msaada huku theluji inaendelea kuanguka, usiache injini inanguruma muda wote. Washa kama dakika 10 kwa kila saa, fungua dirisha kidogo, na kila unapotaka kuwasha tena shuka ulikague bomba.

Namna ya pili ya kukwama ni ya barafu, na hii nayo ulijiongezea mwenyewe juzi bila kujua. Unafika kazini matairi yana joto la safari. Theluji iliyo chini yake inayeyuka kidogo, halafu usiku inaganda, na asubuhi kila tairi limekaa kwenye kishimo chenye ukingo wa barafu. Ukingo wa sentimita tatu tu unatosha kulizuia gari zima. Hapo dereva aliyezoea tope la masika kule nyumbani anaharibu kila kitu. Kwenye tope, ukikanyaga mafuta, mara nyingine tairi linachimba mpaka linakuta udongo mgumu, gari linaruka linatoka. Kwenye barafu tairi likizunguka bure linatoa joto, joto linayeyusha utando mwembamba wa maji, na maji juu ya barafu ndiyo utelezi wenyewe. Ukiachia mafuta utando unaganda, na sasa chini pamenyooka kama kioo. Maji yako ya moto yalifanya kazi hiyohiyo kwa mkupuo mmoja.

Tena kuna hatari watu wasiyoijua. Kwenye gari la kawaida, difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa matairi mawili, huachia mzunguko uende kwenye tairi lenye wepesi. Tairi moja likisimama na la pili likazunguka peke yake, mshale wa kasi ukisoma maili 40 kwa saa, lile linalozunguka liko kwenye maili 80. Limeng'ang'ania sehemu moja, linachemka, na tairi linaweza kupasuka pale pale. Harufu ya mpira uliyoisikia ilikuwa onyo.

Kwenye barafu kinachosaidia ni kitu chenye chenga kinachokaa kati ya tairi na barafu. Na hapo ndipo mfuko wa shemeji unapoingia. Maduka ya vifaa vya ujenzi huku Minnesota yanauza mchanga kwenye mifuko mirefu ya pauni 60, yaani kama kilo 27, kwa dola chache. Huhitaji kubeba wote. Jaza makopo mawili ya sabuni ya kufulia yaliyokauka kabisa, funga vifuniko, weka kwenye buti. Ukiuacha mchanga kwenye mfuko wenye unyevu utaganda ukawa tofali, na hutaupata ukiutaka. Mchanga wa chenga kubwa ni bora kuliko ule laini wa watoto kuchezea.

Watu watakwambia utumie chumvi. Chumvi ya kawaida ya barabarani inafanya kazi vizuri mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo inazidiwa, na asubuhi nyingi za Januari hapa ziko chini sana ya hapo. Utaimwaga, itakaa juu ya barafu ikikutazama. Kloridi ya kalsiamu inavumilia baridi kali zaidi, lakini hata hiyo inataka muda, na wewe unataka kwenda nyumbani kulala. Mchanga hauyeyushi kitu na haujali baridi. Wengine hutumia mchanga wa choo cha paka. Ule unaoganda mabonge ukilowa ni udongo wa mfinyanzi, ukikutana na maji unageuka uji, unakuongezea utelezi. Kama ni lazima, chukua ule wa bei rahisi usioshikana. Na ukiona jirani anabadilisha paa la nyumba, muombe vipande vya vigae vya lami vilivyobaki. Upande mmoja vina chenga kama msasa, na wazee wengi wa huku huweka viwili vitatu kwenye buti. Havigharimu kitu.

Kuna ujanja wa Norway unaoweza kuuiga kwa kiasi kidogo. Magari yao ya barabara humwaga mchanga uliochanganywa na maji ya moto: maji yanayeyusha barafu kidogo juu, mchanga unazama, halafu vinaganda pamoja na chenga zinabaki zimesimama. Kwa hiyo maji ya moto siyo dhambi, ila yasiende peke yake. Kikombe kimoja kwenye kopo la mchanga, umwage, usubiri pagande kabisa, ndipo uendeshe. Hii inafaa kwenye njia ya kutokea nyumbani kwako zaidi ya mahali ulipokwama una haraka.

Namna ya kutoka kwenye kishimo ni hivi. Kwa ncha ya beleshi, vunja ule ukingo wa barafu mbele na nyuma ya matairi ya mbele, usitafute kuondoa barafu yote. Mwaga mchanga pande zote mbili, konzi mbili tatu kila upande, uingie mpaka chini ya tairi. Nyoosha usukani, maana tairi lililopinda linasukuma theluji kwa ubavu. Jaribu kwanza na mfumo wa kuzuia matairi kuteleza ukiwa umewashwa, kwa sababu kwenye magari ya sasa unaweza kufunga breki ya tairi linaloteleza na kupeleka nguvu kwa mwenzake. Kama unaikata nguvu ya injini mpaka gari halisogei kabisa, uzime mfumo huo. Ni kitufe chenye picha ya gari na mistari iliyopinda. Gusa mafuta kidogo sana. Gari likisogea hata kiganja kimoja kisha likakwama, achia, lirudi, gusa tena. Ukisikia mvumo bila kusogea, toa mguu. Usihamishe gia kutoka mbele kwenda nyuma wakati matairi bado yanazunguka, na ukishajaribu mara kadhaa bila mafanikio pumzika, gia boksi ya otomatiki inachemka haraka kwa mchezo huo.

Vibao vya plastiki sasa. Asili yake ni jangwani, kwa magari yaliyozama kwenye mchanga, na kwenye theluji yenye kina vinafanya kazi nzuri: meno ya juu yanashika tairi, ya chini yanashika theluji. Shida ni barafu tupu. Meno ya chini hayapati pa kuingia, tairi linakivuta kibao na kukirusha nyuma kwa kasi ya kuvunja mguu wa mtu. Kama utavitumia kwenye barafu, mwaga mchanga chini yake kwanza, kipigilie kwa mguu mpaka kibanane na tairi, na pasiwe na mtu yeyote nyuma wala mbele ya gari. Usizungushe tairi juu yake pia, meno yanayeyuka. Vile vifupi vya bei rahisi vinapasuka kwenye baridi kali. Vizuri vyenye urefu wa mita moja hivi ni bei kidogo na vinajaza buti. Kwa mtu anayeishi mjini na maegesho ya lami, mimi naviona vya ziada.

Zulia la gari watu hulitumia wakikosa kila kitu. Linaweza kukutoa, na linaweza kuruka nyuma yako likiwa limechanika. Ni uamuzi wako.

Cheni ndizo zinazoshika kuliko vyote, kwenye barafu na kwenye theluji iliyoshindiliwa. Lakini cheni ni kifaa cha kwenda, ni dhaifu kama kifaa cha kutoka. Tairi likishazama huwezi kupitisha mkono nyuma yake kufunga kufuli la ndani, tena vidole vimekufa ganzi. Unazifunga kabla ya kuingia pabaya, zote mbili kwenye matairi ya mbele, unatembea hatua chache, unasimama unazikaza tena, na hupiti maili 30 kwa saa. Ukifika kwenye lami iliyo wazi unazivua. Kule California na Colorado, kwenye barabara za milimani, alama zinaweza kukulazimisha uwe nazo, na hapo ni lazima kweli. Minnesota ni tambarare na barabara kuu zinasafishwa haraka. Sheria ya hapa inakuruhusu kufunga cheni pale theluji au barafu inapodai kwa usalama, tofauti na tairi zenye misumari ambazo wakazi wa jimbo hili hawaruhusiwi kuzitumia kwenye magari ya kawaida. Hata hivyo, kwa safari yako ya nyumbani na kazini, cheni zitakaa kwenye buti mpaka zipate kutu. Na kama bado unazitaka, fungua kitabu cha gari kwanza: kwa baadhi ya saizi za tairi nafasi kati ya tairi na shokomzoba ni ndogo, mtengenezaji anakataza cheni kabisa au anataka zile nyembamba. Saizi iliyo kwenye ubavu wa tairi, mfano 205/55R16, ilingane na ya kwenye boksi kwa namba zote tatu.

Soksi za tairi zinachekesha kuzitazama. Ni kitambaa tu, maarufu zikiwa zile za AutoSock kutoka Norway. Lakini kitambaa kikavu kinashika barafu vizuri kuliko mpira mtupu, na kuivalisha ni rahisi: unaivuta juu ya tairi mpaka inapogota chini, unasogeza gari kidogo, unamalizia. Hiyo "unasogeza kidogo" ndiyo kasoro yake kwa aliyekwama kabisa. Inafaa sana kwa mwenye njia ya nyumbani yenye mteremko ulioganda, au kilima kifupi kabla ya barabara kuu. Kwenye lami kavu inachanika upesi. Kati ya cheni na soksi, kwa Corolla yako ningechukua soksi.

Zile kamba za plastiki za kufunga tairi ziache dukani. Zinapita kwenye matundu ya rimu, na kama rimu zako ni za chuma zenye kofia, matundu mara nyingi hayatoshi. Zikipita, zinaweza kugonga breki. Zitakutoa mita chache kisha zikatike, au uzikate mwenyewe kwa kisu kwenye baridi. Nimeona mtu ameendesha nazo mpaka zimekata mpira wa breki.

Kwa hiyo dola zako 100 ningezigawa hivi: beleshi zuri, mfuko wa mchanga, glavu nzito zisizopitisha maji, tochi ya kuvaa kichwani kwa sababu unatoka kazini bado giza, na kitu cha kukalia magoti, hata boksi lililokunjwa. Utabakiwa na chenji, na kwa mtu wa njia zako hivyo vinatosha. Soksi ziongeze mwezi ujao kama nyumbani kwako kuna mteremko. Pia pigia kampuni yako ya bima uulize kama unalipia msaada wa barabarani. Wengi wanaulipia bila kujua.

Ila nikuambie ukweli, tatizo la msingi ni zile tairi za misimu yote. Mpira wake huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na wewe unaishi miezi kadhaa chini ya hapo. Tairi utakazonunua mara nyingine ziwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake hazitoshi. Zinaelezea muundo wa meno tu, hazina jaribio la theluji nyuma yake. Kama huna pa kuhifadhia seti ya pili, zipo tairi za hali zote za hewa zenye alama hiyo ya mlima, unaziacha kiangazi na baridi. Nunua nne, siyo mbili za mbele. Ukiweka mbili mbele, nyuma itakupita kwenye kona. Kwa sasa pima meno ya hizi ulizonazo. Sheria inaridhika na milimita 1.6, theluji hairidhiki chini ya milimita 4. Na upepo pia: kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi linapoteza karibu paundi moja ya upepo, kwa hiyo ule uliojaza Septemba haupo tena Januari.

Mwisho, yule mtu aliyekusukuma. Akija mwingine, asimame nyuma ya buti upande wa katikati, asiwe kwenye mstari wa tairi, wala kati ya gari lako na jingine. Na akija mwenye pikapu na kamba akataka kukuvuta, usimwache afunge kwenye mkono wa usukani au kwenye chochote anachokiona chini ya bampa. Kwa upande wake asifunge kwenye ile bola ya kuvutia trela. Bola hizo zimewahi kukatika kwa mvuto wa ghafla na kuua watu. Corolla nyingi zina jicho la chuma la kuvutia, limewekwa pamoja na jeki na spana ya magurudumu, na kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha mraba linapoingia. Litafute wikendi hii, ulifunge mpaka mwisho kwa mkono, kisha ulikaze kwa spana, uone linavyoingia. Kifuniko hicho kikiganda hakifunguki kwa kucha, kwa hiyo weka bisibisi bapa kwenye mfuko uleule wa jicho.